Mashoka matatu na lori la miwati: uzoefu wangu wa kuchanja kuni Njombe

Mwezi wa tano mwaka jana nilishushiwa nyumbani lori dogo la magogo ya miwati, mabichi bado, mengine manene kama ndoo ya lita 20. Kijana aliyenichanjia kuni kwa miaka minne alikuwa ameshahamia Makambako kuendesha bodaboda. Wengine niliowauliza walitaja bei iliyokaribia bei ya mzigo wenyewe.

Nina mgahawa mdogo hapa Njombe mjini. Chai na chapati napikia gesi, lakini maharage, makande na supu hukaa motoni saa tatu, wakati mwingine nne, na kwa bei ninayouzia sahani mtungi wa gesi ungenimaliza. Nimeusikia mpango wa serikali wa kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Siku sufuria langu la maharage litakapoweza kuhama, nitalihamisha kwa furaha. Kwa sasa napikia kuni, na tangu lile lori nimeamua kuzichanja mwenyewe.

Nina miaka 43 na kilo 58. Nimekulia kijijini, kwa hiyo shoka si kitu kigeni kwangu, ila nililijua kwa kutemea matawi makavu tu. Nilikosea mara mbili kabla ya kupata linalofaa, na kosa lilikuwa moja: sikujua kwamba shoka la kuangushia mti na shoka la kuchanjia kuni ni vyombo viwili tofauti.

La kwanza nililinunua duka la vifaa vya ujenzi kwa shilingi 18,000. Jekundu, mpini umepakwa vanishi, makali ungeweza kumenyea viazi. Niliweka gogo, nikainua, nikashusha kwa nguvu zangu zote. Likazama nusu kichwa na kuganda pale pale. Nikavuta, nikatikisa, nikapiga mpini kwa kiganja, na lilipochomoka gogo lilikuwa zima, lina mfuo mmoja mzuri katikati. Nilifanya hivyo asubuhi nzima nikapata kuni za siku mbili.

Nilidhani tatizo ni mikono yangu, kumbe ni umbo. Shoka la kuangushia mti lina kichwa chembamba kwa sababu kazi yake ni kukata nyuzinyuzi za mti kwa kukingama, kipande baada ya kipande. Kuchanja ni kuzitenganisha nyuzinyuzi kwa urefu wake, na hapo makali yanafungua mlango tu. Kinachofanya kazi ni mbavu za shoka, zile pande mbili zinazotanuka kuelekea kisogo. Zikiwa nene zinasukuma mti huku na huku, ufa unatangulia mbele ya makali, na gogo linaachana kabla shoka halijafika chini. Zikiwa nyembamba, mti unalibana shoka kama mlango unavyobana kidole.

Lile jekundu liliisha vibaya. Lilipoganda kwenye gogo lenye fundo, nikachukua nyundo kubwa nikaligonga kisogoni. Pigo la tatu tundu la mpini likapasuka upande mmoja. Nilikasirika na duka, lakini nikiwa mkweli, kugonga shoka kwa nyundo ni hatari hata shoka liwe imara vipi: chuma kigumu kikipigwa na chuma kigumu huruka vipande, na kipande kimoja kinatosha jicho. Kama unataka kitu cha kugonga kwa nyundo, tafuta kabari ya chuma. Hiyo ndiyo kazi yake, na hata kabari yenyewe kichwa chake kikianza kuchanua kama uyoga inabidi uipige tupa uondoe zile kingo.

La pili lilikuwa la mama mkwe, shoka la kienyeji lenye miaka kuliko ndoa yangu. Naliheshimu sana. Halina tundu, kichwa kina mkia mrefu uliochongoka, nao mkia unapenya kwenye rungu la mpini. Uzuri wake ni kwamba kila ukipiga, kichwa kinazidi kukaza chenyewe, hakihitaji kabari wala msumari. Kwa kutema matawi, kuchonga nguzo na kuni za unene wa mkono sijaona la kulishinda. Kwa gogo la miwati la unene wa ndoo ni kulionea. Kichwa ni chepesi, na ule mkia wenyewe ni kabari: ukipiga kwa nguvu mfululizo, rungu la mpini ndilo linaloanza kupasuka. Nilipoona ufa wa kwanza nikalirudisha kwa mwenyewe na soda mbili za kuomba radhi.

Basi nikaenda kwa mhunzi, mzee wa miaka kama 70.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Nikusaidie nini?"

Nikamweleza. Akaniuliza mti gani, unene gani, na nani atakayelitumia. Nilipomwambia ni mimi, hakucheka. Akanitazama mabega, akasema kwa mwanamume mkubwa angefua la kilo tatu na nusu, kwangu lisizidi mbili na nusu. Nikamwambia nataka zito, maana nimeona wepesi haunisaidii. Akajibu, "Mama, shoka zito ukishindwa kulikimbiza, linaanguka tu. Halipigi."

Baadaye nilimuuliza binti yangu aliyekuwa kidato cha nne, akanifungulia daftari la fizikia. Ukiongeza uzito mara mbili, nishati ya pigo inaongezeka mara mbili. Ukiongeza mwendo mara mbili, inaongezeka mara nne. Mzee wa watu hakuhitaji daftari.

Alitumia kipande cha ekseli ya lori. Springi, ambazo wahunzi wengi hufulia mapanga na mashoka ya kawaida, alisema ni nyembamba mno kwa kazi hii. Kichwa kilipokamilika tulikipima kwenye mizani ya muuza maharage jirani yake: kilo 2.3. Kisogo kina unene wa vidole vitatu, na kuanzia pale mbavu zinashuka kwa mviringo kidogo, hazikunyooka kama ubao. Huo mviringo ndio unaozuia kuganda, kwa sababu mti unashika sehemu ndogo tu ya chuma. Nililipa shilingi 35,000 bila mpini.

Wiki ya kwanza makali yalimeguka kidogo kwenye ncha ya juu. Nikarudi nalo. Akaangalia, akakubali kwamba alilipoza kwa haraka likawa gumu kupita kiasi, akalirudisha motoni siku hiyo hiyo bila kudai senti. Tangu hapo halijameguka tena. Mtu akiniuliza kwa nini nilimwendea mhunzi nikaacha la dukani la bei nusu, namwambia hilo kwanza: chombo kikiwa na kasoro, najua mlango wa kubisha hodi.

Mpini nao una habari yake. Wa kwanza niliuchonga kutoka tawi la mpera, mti ambao watoto wanatengenezea manati kwa sababu unapinda bila kukatika. Niliuchonga mbichi kwa haraka zangu, ukaingia tunduni ukibana vizuri kabisa, na baada ya wiki tatu za kukauka ukawa unacheza. Jirani akanishauri niloweke shoka kwenye ndoo ya maji usiku kucha. Kweli asubuhi lilikuwa limekaza, ila mti ukikauka tena unasinyaa zaidi ya mwanzo, na shoka linalocheza ni shoka litakaloruka. Nikautupa. Wa pili ulikaa darini juu ya jiko miezi mitatu kabla sijauchonga. Niliangalia pia nyuzinyuzi zake zikimbie kwa urefu kutoka mwanzo hadi mwisho. Zikitoka pembeni katikati ya mpini, hapo ndipo utakapovunjikia. Kisha nikapasua kichwa cha mpini kwa msumeno, nikapigilia kabari ya mti mgumu mkavu. Urefu wake ni sentimita 75, unanifika kiunoni kidogo chini.

Jirani yangu mwingine ana shoka la kuchanjia la kiwandani, Fiskars X27, aliloletewa na shemeji yake anayeishi Finland, na alinipa nilijaribu siku nzima. Ni kitu kizuri, nasema bila wivu. Lote kwa pamoja lina kilo 2.6, mpini ni wa plastiki ngumu yenye nyuzi za kioo, na linatoka kwenye mti kama limepakwa mafuta. Magogo yaliyonichukua mapigo manne kwa shoka langu, kwa lile yalichukua matatu. Ila lina urefu wa sentimita 91, na kwa kimo changu nililiona refu mno kulitawala. Yeye ni mrefu, linamkaa. Jambo la pili la kufikiria kabla hujaagiza moja ni kwamba kichwa na mpini vimeunganishwa kiwandani. Langu likivunjika mpini, mpera uko nyuma ya nyumba.

Sasa kazi yenyewe. Kitu kilichonibadilishia siku ni kisiki cha kuwekea gogo, kinachofika chini kidogo ya goti. Ukichanja juu ya udongo, shoka linazama ardhini, linapoteza makali kwenye mawe, na likikosa gogo linakuja moja kwa moja kwenye ugoko wako. Kwenye kisiki likikosa linaishia kwenye mti. Juu ya kisiki nimepigilia tairi kuukuu la gari dogo. Gogo linasimama ndani yake, nalizunguka nikipiga, na vipande vinabaki vimesimama badala ya kurukia kuku. Nikimaliza navitoa kwa mkupuo mmoja. Kama huna nafasi ya kufuata ushauri wangu wote, fuata huo wa tairi.

Kabla ya kupiga, soma gogo. Kichwani pana nyufa ndogo zinazotoka katikati. Piga kwa kuzifuata. Gogo nene usilipige katikati, anza pembeni ulimege ukizunguka. Fundo liweke chini, mbali na makali, na lenye mafundo mawili matatu liache kando. Mimi nina rundo la namna hiyo, ndilo linalochemsha makande usiku, maana gogo la fundo linakaa motoni mpaka asubuhi. Miguu iachane, sawasawa na mabega, wala usitangulize mmoja. Shoka likishuka, kunja magoti ushuke nalo. Na vaa buti. Nimewaona wanaume wazima wakichanja kuni na kandambili na moyo wangu hautulii mpaka wamalize.

Kuhusu miti: miwati, ile iliyoletwa kutoka Australia kwa ajili ya magome yake, ndiyo rafiki yangu. Inapasuka ikiwa imenyooka, hasa mbichi, na moto wake ni mkali wenye makaa ya kudumu. Mlingoti usiungoje ukauke mzima. Mbichi unachanika kwa ubishi. Ukishakauka, hasa ule uliojisokota, unalirudisha shoka kama umepiga reli. Mipaini inachanika kwa raha kati ya fundo na fundo, lakini utomvu wake unapaka sufuria masizi meusi, kwa hiyo naitumia kuwashia tu. Mabanzi ya kiwanda cha mbao hayahitaji shoka, ila yanateketea kama karatasi.

Kuchanja mapema pia ndiko kunakozifanya kuni zikauke. Mti mbichi unaweza kuwa na maji yanayokaribia nusu ya uzito wake, na gome linayafungia ndani. Ukiuweka mzima, moto wako wa kwanza wote unachemsha maji ya mti kabla haujachemsha ya maharage, na moshi unaouvuta ndio huo. Nachanja mwezi wa tano na wa sita, napanga juu ya vipande vya mabati kuukuu zisiguse ardhi, nafunika juu na kuacha ubavuni wazi upepo upite. Ukigonganisha vipande viwili vikalia kwa sauti kali kama vijiti vya ngoma, zimefika. Vikilia dufu, ngoja.

Makali nayapitisha tupa kila Jumamosi, mara sita saba kila upande, na siyafanyi kuwa wembe. Makali membamba sana yanajikunja kwenye fundo la kwanza.

Lile lori la mwezi wa tano lilinichukua wiki tano, nusu saa hadi saa moja kila asubuhi kabla ya kufungua mgahawa. La mwaka huu lilinichukua tatu. Mpini wa pili bado umekaza, ila nimeona alama ndogo ya kuchubuka chini ya kichwa, pale ninapokosea shabaha na mpini kupiga ukingo wa gogo. Nimeufunga kamba ya mpira wa baiskeli sehemu hiyo, na tawi jingine la mpera liko darini tangu Agosti.