Uzoefu wangu: pizza nzuri, boksi zuri, ila jibini hawalitaji

Mgahawa huu una matawi kadhaa, na kila tawi limebandika ukutani bango lilelile la kutunza mazingira: maboksi ya karatasi iliyorejelezwa, vikombe vinavyooza, baiskeli za umeme za kupeleka oda. Nimekula kwao mara nyingi na bado nitakula, kwa hiyo sina kinyongo nao.

Pizza yenyewe haina ubishi. Ukingo umeungua vidoadoa inavyotakiwa, katikati hailowi. Wanaokea tanuri la umeme, na wapenzi wa kuni watanuna. Mimi sikuona pengo. Pizza ya mtindo wa Napoli hukaa tanurini sekunde 60 hadi 90 tu, kwenye joto la nyuzi 430 kwenda juu. Moshi utaingia saa ngapi?

Vikombe ndiyo kiini macho. Ni vya PLA, plastiki ambayo mara nyingi hutokana na mahindi. Huoza kweli, ila kwenye mitambo ya mboji yenye joto la nyuzi 60 hivi. Ukifukia kimoja nyuma ya nyumba, mwakani utakikuta kama ulivyokiacha. Nilimuuliza kijana wa kaunta vinapelekwa wapi, akanionyesha pipa la taka zote. Si bora glasi za kuoshwa?

Maboksi afadhali. Wanasema hayana kemikali za PFAS za kuzuia mafuta, zile ambazo Denmark ilizipiga marufuku kwenye karatasi za vyakula mwaka 2020. Ndiyo maana yanalowa chini, na silalamiki. Wangeongeza tu maelezo kwamba sehemu iliyoganda jibini ichanwe kabla ya boksi kupelekwa kurejelezwa.

Sasa hilo jibini. Bango zima halilitaji hata mara moja, ilhali ndilo mzigo wenyewe. Kilo moja hula karibu lita 10 za maziwa, na ng'ombe akicheua hutoa methani, gesi inayoongeza joto duniani. Utafiti mkubwa uliochapishwa kwenye jarida la Science mwaka 2018 ulikadiria wastani wa dunia kuwa takribani kilo 24 za gesijoto kwa kila kilo ya jibini. Kwa hesabu hiyo, gramu 100 zilizotandazwa juu ya pizza moja ni zaidi ya kilo 2. Boksi la karatasi halisogelei hapo, wala ile safari ya baiskeli. Na chini ya bango hilohilo wametundika ofa: jibini mara mbili, bila kuongeza hela! Nilicheka peke yangu.

Kinachoudhi ni kwamba dawa wanayo jikoni. Mwisho kabisa wa menyu, kwa maandishi madogo, kuna marinara: nyanya, kitunguu saumu, oregano na mafuta ya zeituni, basi. Si pizza ya kujinyima. Ni ya jadi huko Napoli, sawa na margherita. Mhudumu alijaribu kunigeuza, "Hiyo haina kitu juu, mteja wangu." Nilishikilia, na ndiyo pizza tamu kuliko zote nilizowahi kula hapo.

Chakula nawapa nyota nne. Mazingira mbili na nusu, hiyo nusu ni ya tanuri. Ukienda agiza marinara, na uwaambie mapema waongeze kitunguu saumu, maana mkono wao ni mzito.