Operesheni ya kuunganisha pingili za mgongo: vyuma sina neno navyo, wodi ninalo neno

Watu wananiuliza: mama, tukafanye au tusifanye? Nitajibu. Lakini siwezi kujibu kabla sijausema usiku ule, maana umenikaa kooni.

Ilikuwa usiku wa pili tangu nitoke chumba cha upasuaji. Nimelala chali, dripu mkono wa kushoto, mpira wa mkojo, na kimrija cha kutolea damu kwenye kidonda mgongoni. Mchana wake daktari aliwaeleza manesi nikisikia: huyu anageuzwa kama gogo. Watu wawili, mmoja begani mmoja nyongani, wahesabu moja mbili tatu, mwili uende wote kwa pamoja, kiuno kisijinyonge. Yale maneno niliyashika kama nilivyoishika Fatiha. Mwanangu aliyekuja kuniuguza alishatolewa na mlinzi jioni. Ndugu hawalali wodini, ndiyo taratibu.

Saa nane za usiku mgongo ukawaka. Nikaita. Nikaita tena, hadi mgonjwa wa kitanda cha jirani akanisaidia kuita. Akaja sista mmoja, peke yake, simu mkononi. Nikamwambia, "Sista, samahani mwanangu, daktari alisema muwe wawili." Akasema, "Mama, wenzio humu wamekatwa miguu na wanajigeuza wenyewe. Wewe una nini?" Akanishika mkono, akavuta.

Mabega yakageuka, miguu ikabaki. Sikulia, maana hata pumzi ya kulilia haikuwapo. Jasho likanitoka hadi shuka ikaloa. Naye akanifunika, akasema, "Haya, si umegeuka," akaenda zake. Binti wa rika la mwanangu wa tatu!

Asubuhi nikapigwa picha. Skrubu zote nne zipo mahali pake, na zile fito mbili zinazozishikilia zipo. Daktari akasema hakuna kilichoharibika. Namwamini. Lakini kuna mahali upande wa kulia, juu kidogo ya nyonga, panachoma mpaka leo, na hakuna wa kunishawishi kwamba hapakuanza na mvuto ule.

Haya, tuje kwenye uamuzi wenyewe. Mimi ni fundi cherehani, Mbagala, zaidi ya miaka 20 nimeinamia meza. Pingili ya nne ya kiuno iliteleza ikakaa mbele ya ile ya tano, ikabana mishipa ya fahamu inayoshuka mguuni. Mgongo nilishauzoea, ulionishinda ni mguu. Kutoka kituo cha daladala hadi nyumbani ni mwendo wa dakika kumi tu, na nilikuwa napumzika mara tatu: kwa fundi baiskeli, kwa Mangi mwenye duka, na barazani pa msikiti. Nikikaa au nikiinama, ganzi inaachia. Nikisimama nitembee, inarudi. Nilichuliwa, nilivaa mkanda, nilifanya mazoezi miezi na miezi, nilimeza diklofenaki, ile dawa ya maumivu, mpaka tumbo likakataa. Shangazi yangu alinikataza kwa machozi: mgongo haupasuliwi, utarudi na kiti cha magurudumu. Aliyenipa moyo ni daktari, kwa sababu hakunipamba: "Mama, operesheni hii naifanya kwa ajili ya mguu. Maumivu ya mgongo wenyewe sikuahidi." Hela ya vyuma bima haikutoa. Nilikopa kikoba, dada zangu wakamalizia.

Na kweli, nilipozinduka kwenye nusu kaputi, mguu ulikuwa kimya. Kimya kabisa! Nilichezesha vidole nikalia. Kwa hiyo akija mtu kuniambia operesheni hii ni ya kulemaza watu, namkatalia.

Ila mtu asikudanganye kuwa ukishatoka wodini umepona. Vyuma vinashikilia tu. Kinachounganisha pingili ni mfupa, nao huota polepole, miezi sita, wengine hadi mwaka. Muda huo huinami, hunyanyui ndoo, hupindi kiuno. Hata diklofenaki nilikatazwa, kwa kuwa inaweza kuchelewesha mfupa kuunga. Mbuzi ya nazi nikamkabidhi mkwe wangu, na nikimsikia anakuna nami nimesimama mlangoni, moyo unaniuma. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, ikabidi kiti cha plastiki kitobolewe katikati. Naswali nimekaa kitini. Miezi ya mwanzo bajaji ikikaribia shimo nilikuwa nashika bomba kwa mikono miwili, namwomba Mungu. Kwenye cherehani nimerudi, ila kila baada ya dakika 20 nasimama, natembea, narudi.

Basi, ufanye? Kama mguu umekufa ganzi, umejaribu yote, na picha inaonyesha pingili imeteleza, nasema nenda. Kama ni mgongo tu unauma na picha haionyeshi kitu cha maana, usikimbilie kisu. Hata mimi sina kauli moja. Juzi mvua ilinyesha, nikaamka mgongo umekuwa ubao, nikasema bora ningebaki na ganzi yangu. Jioni ile ile nikapita kwa Mangi bila kukaa, akatoka nje: "Mama, leo hupumziki?" Nikamwambia sipumziki. Nilifika nyumbani natetemeka kwa furaha.

Kliniki ya mwisho nikakutana na yule sista kwenye korido. Miezi yote nilikuwa nimempangia maneno. Akaniambia, "Shikamoo mama." Nikaitikia marahaba. Hakunikumbuka.

Nikakaa pale mapokezi, nikaandika barua, nikaitia kwenye sanduku la maoni. Sikuandika afukuzwe. Nimeandika kwamba usiku nao wawe wawili.