Powercfg: amri ya bure ya kumnasa anayeiamsha kompyuta yako usiku

Kompyuta ya nyumbani ikijiwasha yenyewe usiku wa manane, wengi hushuku virusi na kukimbilia programu za kusafisha. Programu hizo hazisaidii kitu hapa. Chombo kinachofaa kimo tayari ndani ya Windows: amri iitwayo powercfg. Hailipiwi, haisakinishwi, na jibu lake hutoka papo hapo. Ina mpaka mmoja mkubwa, nao ni huu: inajua habari za kompyuta iliyokuwa imelala tu. Iliyozimwa kabisa haina mfumo unaofanya kazi wa kuweka kumbukumbu, kwa hiyo powercfg haitakuwa na la kukuambia.

Basi anza kwa kutenganisha hali hizo mbili. Tangu Windows 8, ukizima kwa menyu ya kawaida huku kipengele cha "Fast Startup" kikiwa kimewashwa, kiini cha mfumo huhifadhiwa diskini badala ya kufungwa. Ili uzime kikweli, andika shutdown /s /t 0 kwenye dirisha la amri. Ikiwa baada ya hapo kompyuta inatulia hadi asubuhi, tatizo liko upande wa Windows na powercfg ndiyo dawa. Ikiwaka tena, ruka hadi aya mbili za mwisho, za bayosi (programu ya msingi ya ubao mama, inayotangulia Windows) na za ndani ya kasha.

Kwa iliyolala: andika cmd kwenye menyu ya Start, bofya kwa kitufe cha kulia, chagua "Run as administrator". Bila mamlaka hayo, baadhi ya amri zitakataa. Kisha andika powercfg /lastwake. Hii inataja kilichoiamsha mara ya mwisho, na ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote za chombo hiki. Mara nyingi hurudisha "Wake History Count - 0", yaani haikunasa chochote. Usikate tamaa hapo. Fungua Event Viewer, ingia Windows Logs, kisha System, uchuje chanzo Power-Troubleshooter. Tukio namba 1 linaonyesha saa iliyolala, saa iliyoamka na "Wake Source". Linganisha saa za siku kadhaa: zikifanana kila siku, mshukiwa ni ratiba, zikitawanyika ovyo, mshukiwa ni kifaa.

Amri ya powercfg /waketimers ndiyo inayoipa zana hii heshima yake. Inataja saa ambayo kompyuta imepangiwa kuamshwa, huduma iliyopanga, na mara nyingi hata jina la kazi yenyewe. Ukiona njia yenye neno UpdateOrchestrator, hayo ni masasisho ya Windows. Pia kuna matengenezo ya kiotomatiki, ambayo kwa kawaida hupangwa saa nane usiku. Kufuta kazi hizo moja moja ni kujisumbua, maana masasisho yanaweza kuzirudisha. Afadhali uingie mipangilio ya kina ya umeme, sehemu ya Sleep, uweke "Allow wake timers" kuwa Disable. Chaguo la "Important Wake Timers Only" halitoshi, kwa sababu bado linaruhusu kuamshwa kwa ajili ya kuwasha upya baada ya sasisho.

Kwa upande wa vifaa, powercfg /devicequery wake_armed inaorodhesha vyote vyenye ruhusa ya kuamsha. Kipanya huongoza kwa usumbufu: meza ikitikisika kidogo tu, kimeshaamsha. Kinyime ruhusa kwa powercfg /devicedisablewake "HID-compliant mouse", ukinakili jina kama lilivyoandikwa kwenye orodha, hata namba kama (001) mwishoni. Majina haya hayaeleweki, na ukiwa na vipanya viwili huwezi kujua kipi ni kipi hadi ukichomoe kimoja na kuuliza tena. Kibodi kiachie ruhusa, ndicho cha kuamshia.

Kadi ya mtandao haihitaji kunyimwa kabisa kama unaiamsha kompyuta kutoka mbali. Kwenye Device Manager, ukurasa wa Power Management, weka tiki "Only allow a magic packet to wake the computer", yaani iamshwe kwa pakiti maalumu ya kuamshia tu. Pakiti hiyo ina baiti 6 za FF zikifuatwa na anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao) iliyorudiwa mara 16, kwa hiyo mawasiliano ya kawaida ya mtandao hayawezi kuifanana. Baada ya kusasisha draiva, angalia tena. Mipangilio hii huweza kurudi ilivyokuwa.

Sasa ile iliyozimwa kabisa na bado inawaka. Ingia bayosi, utafute mpangilio wa umeme unaporudi baada ya kukatika: ukiwa "Power On", kila umeme ukirudi kompyuta itawaka, na hilo si hitilafu. Zima pia kuamshwa kwa RTC (saa ya ndani ya ubao mama) na kwa PCI-E (nafasi za kadi, kama ile ya mtandao). Palipo na ErP, mpangilio wa kubana umeme, kuiwasha kunapunguza sana umeme wa akiba unaobaki baada ya kuzima, na kwa kawaida huua njia hizo zote kwa pamoja.

Ikiendelea, chomoa waya wa umeme, fungua kasha, uchomoe waya mdogo wa swichi ya kuwashia, wenye pini mbili zilizoandikwa PWR_SW kwenye ubao mama, kisha rudisha umeme. Kompyuta ikitulia, swichi ya mbele inagusanisha. Isipotulia, chomoa vifaa vyote vya USB na kebo ya mtandao ujaribu tena. Kinachobaki ni ubao mama au pawa saplai, ambayo laini yake ya volti 5 ya akiba ikiyumba huweza kuwasha mashine bila amri. Jaribu pawa saplai nyingine iliyo nzima, wala usiifungue hiyo ya zamani: kapasita zake hubaki na chaji ya hatari hata ikiwa imechomolewa.