Hafutraki ya M3, skeli ya 1/35: mkanda wa mpira umenitoa jasho

Mambo vipi wakuu, karibuni tena mezani kwangu, leo sina salamu ndefu maana gundi inakauka. Hiki mnachokiona ni modeli ya plastiki ya kuunga mwenyewe ya M3, hafutraki ya Mmarekani ya vita vya pili vya dunia, skeli ya 1/35, yani ile yenyewe ilikuwa na mita 6 na ushee, hii yangu sentimita 17 na nusu hivi, inakaa kiganjani. Mwanangu alivyoiona akauliza baba hili ni lori au kifaru, nkamwambia vyote viwili mwanangu, mbele matairi na boneti kama lori la mchanga, nyuma mkanda. Boksi ni la nani sisemi, sijalipwa na mtu na sitaki kesi.

Sasa tuanze na hapa penye kelele, mkanda. Kwenye boksi umekuja wa mpira, kipande kimoja kila upande, unaunganisha ncha mbili basi. Wajenzi wengi wakiona mpira wananuna, wanataka ile minyororo ya plastiki ya kuunga kipande kwa kipande, na kwa kifaru cha Sherman au cha Mjerumani nawaelewa kabisa. Ila kwa M3 hapana jamani, hapa mpira ndo wenyewe! Ile gari ya kweli ilikuwa inatembea kwenye mkanda wa mpira, ndani yake nyaya za chuma, katikati meno ya chuma ya kuushika usitoke njiani. Ni mtindo wa yule Mfaransa Adolphe Kégresse, aliyekuwa fundi wa magari ya mfalme wa Urusi kabla hajaenda kwa Citroën, kampuni ya magari ya Ufaransa. Na msidhani hayo mambo yako mbali na sisi, 1924 Citroën walitoa magari 8 ya mikanda ya Kégresse kutoka Algeria wakaikata Afrika, wakafika Kampala wakagawana njia, kundi moja likateremkia Mombasa, lingine likaja Dar kupitia Tabora. Baadae 1931 jeshi la Marekani likanunua moja kwa majaribio, na ukifuata ukoo huo mpaka mwisho unaikuta M3.

Kwaiyo kwenye mkanda nawapa maksi. Kwenye kuunganisha siwapi. Gundi ya plastiki haishiki huu mpira hata kidogo, nikaweka supagluu ikashika, nikalala kwa amani, asubuhi nakuta umefyatuka umelala pembeni kama mjusi. Mara ya pili hivyohivyo. Mara ya tatu nkachukua sindano na uzi mweusi nkaushona, kama unavyoshona kandambili, halafu supagluu juu ya uzi, halafu kiungio nkakizungusha juu, chini ya bodi pale kivulini ambapo hata ukichungulia hukioni. Ona hapa, sogeza macho... mnaona uzi? Hamuoni. Upande wa pili nimeumaliza leo, umebanwa na vibanio vya nguo vya mama watoto, msimwambie.

Kitu kingine, bati. Ubavu wa M3 ya kweli ulikuwa na unene wa milimita 6 na robo hivi tu, risasi za bunduki nzito zilipita, ndo maana askari wenyewe waliipa jina la utani Purple Heart Box, Purple Heart ikiwa ile medali ya waliojeruhiwa. Sasa piga hesabu, milimita 6 gawanya kwa 35, unapata kitu chembamba kuliko kadi ya harusi, na plastiki yangu nimeipima ni milimita moja nzima! Ukiiacha hivyo inaonekana kama ukuta wa benki. Nilichofanya, nimechukua wembe nkakwangua ukingo wa juu kwa upande wa ndani tu, kidogokidogo, mpaka ukitazama toka juu unaona mstari mwembamba. Imenichukua jioni mbili na plasta moja ya kidole.

Ndani sasa. Hii gari haina paa, kwaiyo kila kitu kinaonekana, watu 13 walikuwa wanakaa humu, watatu mbele na watano kila upande nyuma, na matangi ya petroli yako humohumo nyuma ya dereva, fikiria mwenyewe. Kasoro ya boksi ni alama za duara za kiwandani kwenye kuta za ndani, nimezihesabu 14, puti na msasa, hakuna ujanja. Na paka rangi ndani kabla hujafunga bodi, kijani kile kile cha jeshi cha nje. Nimeona watu wanapaka nyeupe, nyeupe ni ya ndani ya vifaru vilivyofungwa, hapa ingeonekana na ndege toka juu.

Bolti zipo na zimekaa vizuri, rola ya mbele safi, stika za nyota zimelala bila mapovu. Maelekezo yana picha ndogo mno, hatua ya nne nimegeuza springi chini juu nkabandua upya.

Mkanda wenyewe usiupake nyeusi ti, mpira uliotembea barabarani unakuwa wa kijivu cha vumbi, halafu yale meno ya katikati uyasugue na penseli yang'ae, maana magurudumu yanayagusa muda wote.

Ukiuliza ninunue, mi nasema nunua kama una subira na sindano. Kama ndo modeli yako ya kwanza anza na kigari cha Jeep kwanza, utanishukuru. Haya ngoja nitoe vibanio tuone... subiri... umeshika. Aa-aa, umeachia tena huku.