Beki Kinda au Beki Mkongwe: Umpange Nani?

Pale uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, ubishi huu hauishi. Kinda akiteleza kwenye nyasi zenye maji na kuutoa mpira nje, jukwaa zima linasimama utadhani kafunga bao. Nami husimama, sikatai. Jezi ina tope hadi kolani, soksi zimeshuka, na dakika ya 85 bado anamkimbiza winga. Mkongwe hapigiwi makofi kwa sababu hatelezi: alishafika kabla ya mpira.

Kwa gharama, kinda ni ghali kuliko anavyoonekana. Rafu moja ndani ya boksi ni penalti ya mita 11. Kadi mbili za njano, mmebaki 10. Hapo mkongwe anashinda. Ila mpira mrefu ukipita nyuma yake, basi tena. Na Arusha iko juu, mita 1,400 hivi. Pumzi za miaka 34 hukata mapema.

Matunzo? Kinda anataka wa kumwongoza kwa sauti, mkongwe anataka kupumzishwa.

Mkicheza kwa kupandisha mabeki mbele, mpange kinda. Mkilinda bao moja ugenini, mkongwe. Na kama kipa wenu ni mpole asiyefoka, kinda asikae pale katikati bila mkubwa pembeni yake.