Dawa ya peroksaidi ya kusafishia lenzi za kuvaa: nzuri, ila haitaki haraka

Naitumia kila usiku kwa lenzi laini za mwezi mmoja. Ni haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, na nimeichagua kwa sababu haina vihifadhi. Konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, haina mishipa ya damu; oksijeni yake huitoa hewani kupitia machozi, na lenzi tayari inaizibia. Kemikali za kubaki kwenye lenzi ni mzigo juu ya mzigo. Kwa usafi haina mpinzani: ute na mafuta vinatoka, na jioni macho hayakwaruzi.

Nawa mikono, ikaushe kabisa. Weka lenzi kwenye vikapu vyake, kulia na kushoto, zisuuze kwa dawa hiyohiyo, jaza kikombe hadi mstarini, funga. Ndani kuna kipande chenye platinamu kinachovunja peroksaidi iwe maji na oksijeni. Gesi hutoka kupitia kitundu cha kifuniko, kwa hiyo kikombe kisimame wima. Subiri kwa muda wa saa 6 kamili. Mapovu yakikoma mapema, usidanganyike.

Ukivaa kabla ya muda, konea inaungua: maumivu makali, wekundu, machozi. Vua lenzi papo hapo, suuza jicho kwa maji mengi, na maumivu yasipotulia muone daktari. Wengi huungua kwa kutumia kisanduku bapa cha kawaida. Hakina platinamu, kwa hiyo hata dawa ikilala humo usiku kucha, asubuhi bado inaunguza. Platinamu nayo huchakaa. Kila chupa mpya huja na kikombe chake, cha zamani kitupe.

Ubaya wake ni kwamba baada ya saa hizo 6 hakuna tena kinachoua vijidudu kikombeni. Lenzi zikikaa zaidi ya siku 7, rudia upya. Na kwa akanthamiba, kimelea cha majini kinachotafuna konea, usiitegemee dawa peke yake: nguvu yake huporomoka mapema, na kimelea hicho kikijifunga kwenye ganda lake ni kigumu kufa. Maji ya bomba yasiguse lenzi wala kikombe, na usiogelee nazo.

Nyota 4. Ya tano nimeinyima kwa sababu chupa yake inafanana mno na ya maji ya chumvi ya kusuuzia. Kizibo chekundu pekee hakitoshi kwa mtu aliyetoka usingizini. Yangu naiweka rafu nyingine kabisa.