Lenzi ya kupigia picha ndege wa porini: ipi inunuliwe kwanza

Jibu la haraka kwa mwenye haraka: nunua zumu inayofika milimita 600 (namba hii ikikua, ndege huonekana mkubwa zaidi), yenye upenyo wa f/6.3 pale inapoishia (upenyo ni tundu la kupitisha mwanga; namba ya f ikiwa ndogo, mwanga huwa mwingi), iliyotengenezwa kwa ajili ya kamera uliyonayo. Mengine yote hapa chini ni kwa yule ambaye mfuko, mgongo au kamera yake havimruhusu kufika huko.

Kwa nini 600 na si 400? Ukisimama palepale, lenzi ya 600 humkuza ndege mara moja na nusu kwa upana na mara moja na nusu kwa urefu, hivyo nafasi anayochukua kwenye picha huwa mara 2.25 ya ile ya lenzi ya 400. Mdiria aliyetua ng'ambo ya mto hatakusubiri usogee. Kwa 400 utapata doa la buluu lenye mdomo mrefu; kwa 600 unaanza kuhesabu manyoya ya shingo.

Ndiyo maana nafasi ya kwanza naipa Sony FE 200-600mm ya mwaka 2019 na Nikon Z 180-600mm ya mwaka 2023, kila moja kwa wenye kamera zake. Zote zina uzito wa takriban kilo mbili, na zote hazirefuki unapovuta zumu. Jambo hilo la pili wanunuzi wengi hulipita bila kulitazama, ilhali lina maana sana mkononi: uzito haukimbilii mbele, kwa hiyo mkono wa kushoto unabaki mahali pamoja huku ukimfuata mwewe anayezunguka angani.

Wenye Canon wana RF 200-800mm, nayo ya mwaka 2023. Inafika mbali kuliko hizo mbili kwa uzito uleule wa kilo mbili na kidogo, ila inarefuka, na kwenye 800 upenyo wake ni f/9. Tuliangalie hilo kwa makini. Kutoka f/6.3 hadi f/9 mwanga unapungua kwa nusu. Mbayuwayu akiruka unahitaji kasi ya shata ya 1/2000 ya sekunde au zaidi; kama f/6.3 inakuruhusu ISO (kiwango cha kamera kuitikia mwanga) ya 3200, basi f/9 inakudai 6400. Mchana wa jua kali hutaona tatizo. Alfajiri, saa ambayo ndege wengi wako kazini, chenga, yaani vidoa vidogo kwenye picha, zitaonekana. Wala usitegemee kizuia-mtikisiko kikuokoe hapo, maana kinatuliza mikono yako tu. Bawa la ndege linaendelea na mwendo wake.

Nafasi ya pili naziweka lenzi nyepesi za 100-400, na kuna watu ambao ningewashauri waanze na hizi hata kama wana pesa ya zile za kwanza. Lenzi ya kilo mbili ikishikwa jichoni dakika kumi, ukimngoja yangeyange achome samaki, mikono huanza kutetemeka, na mara nyingi anachoma pale ulipoishusha upumzike. Canon RF 100-400mm ina gramu 635 tu. Upenyo wake wa f/8 mwishoni ni mdogo, nakiri, lakini ukiifunga kwenye kamera za Canon R7 au R10, ambazo sensa zake (kipande kinachopokea mwanga) ni ndogo, inaona kama 640 kwenye kamera ya fulufremu, yaani yenye sensa kubwa. Kwa kamera za OM System na Panasonic zenye sensa ndogo zaidi, lenzi za 100-400 za kampuni hizo huona kama 800, na ile ya Panasonic haifiki hata kilo moja. Mtu anayetembea kutwa nzima msituni asizidharau.

Ya tatu ni mtumba: Sigma 150-600mm Contemporary au Tamron 150-600mm G2, kwa wenye kamera za kioo ndani (DSLR). Thamani yake ni kubwa kama iliyo mbele yako ni nzima. Mulika tochi upande mmoja, tazama upande wa pili: nyuzi nyeupe kama utando wa buibui ni ukungu, iache. Kisha vuta hadi 600, piga maandishi yaliyo mbali kwa f/6.3, halafu kwa f/8. Picha kulegea kidogo kwenye f/6.3 ni kawaida. Ikilegea hata kwenye f/8, au upande mmoja ukawa mkali na mwingine hafifu, usilipe.

Ya nne, Canon RF 800mm f/11. Ni nyepesi kwa urefu wake, lakini upenyo haubadiliki kabisa na haishiki fokasi chini ya mita sita. Inafaa kwa ndege wa majini kwenye jua la kutosha.

Zile 600mm f/4 za kilo tatu ni bora kuliko zote nilizotaja, na bei yake iko katika dunia nyingine.

Usinunue lenzi ya vioo (inayotumia vioo vya kuakisi ndani yake) ya 500mm f/8 kwa sababu ni rahisi: nyingi hulengwa kwa mkono, na mandhari nyuma ya ndege hujaa vipete. Usinunue pia telekonveta (kifaa cha kufunga kati ya lenzi na kamera ili kukuza zaidi) ya 2x kwa lenzi ya f/6.3, kwani utabaki na takriban f/13. Ile ya 1.4x inavumilika, ukihakikisha kwanza kwamba lenzi yako inaikubali. Sigma 150-600mm ya kamera za Sony, kwa mfano, haiikubali.

Ukiweza, ikodi siku mbili kabla ya kulipa, na uijaribu asubuhi. Mchana ardhi ikishachemka, hewa hucheza, na picha ya ndege wa mbali hulegea hata kwa lenzi bora. Wengi hurudisha lenzi nzima dukani kwa kosa hilo la hewa.